Seva Isiyojua Isiseme Hapana: Kuhusu Hitilafu za Muda Katika Uhakiki wa Mtumaji

Watu wengi wamewahi kukutana na taarifa hii. Umetuma maombi ya kazi au ankara ya mteja asubuhi, na jioni unaletewa ujumbe kwamba barua pepe yako bado haijafika, kuna tatizo la muda, mfumo utaendelea kujaribu. Gmail hutaja hata saa zilizobaki kabla haijakata tamaa. Hapo ndipo maswali huanza. Nimezuiwa? Anwani niliyopewa si sahihi? Nitume tena na tena mpaka ipite? Wapo wanaoshauriana wafungue akaunti mpya, na wapo wanaompigia simu fundi wao wa tovuti na kumlaumu kwa kosa ambalo si lake.

Taarifa hiyo ina sababu nyingi. Nataka kueleza moja ambayo watumiaji wengi hawaifahamu, na ambayo wasimamizi wengi wa seva huipanga vibaya: seva inayopokea ilitaka kumhakiki mtumaji kabla ya kuipokea barua, ikauliza, isipate jibu. Haikuambiwa ndiyo, wala haikuambiwa hapana. Kile ambacho seva hiyo imeelekezwa kufanya pale isipojua ndicho kinachoamua kama barua yako itafika sasa hivi, itafika kesho, au itarudishwa kwako ikiwa imekataliwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Kikoa ni ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. DNS ni mfumo wa intaneti unaotunza habari za vikoa: kama kipo, na seva ipi inapokea barua zake. Kanuni za kuingia ni masharti ambayo seva ya barua pepe huyapitia moja baada ya jingine kabla ya kukubali kitu: anayeleta ni nani, anatoka wapi, anampelekea nani. Uhakiki wa mtumaji ni mojawapo ya masharti hayo. Seva inajiuliza: anwani hii inayodai kutuma, ipo kweli? Nikihitaji kumrudishia mwenyewe barua iliyokwama, nitampata?

Seva hizi huzungumza kwa utaratibu uitwao SMTP, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982 katika waraka wa RFC 821 (RFC ni nyaraka zinazoeleza taratibu za intaneti, kila mmoja na namba yake). Waraka unaofuatwa siku hizi ni RFC 5321 wa mwaka 2008. Kila jibu la seva hubeba namba ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Ikianza na 2, mambo yako sawa. Ikianza na 5, hapana, barua hii usiirudishe kwangu. Ikianza na 4, siwezi kwa sasa, rudi baadaye. Tarakimu ya 3 ipo pia, lakini ni ya katikati ya mazungumzo na haituhusu hapa.

Namba ya 4 ndiyo roho ya makala hii. Seva iliyotuma ikiambiwa 4, huiweka barua kwenye foleni na kuirudia yenyewe. RFC 5321 inashauri ipite walau nusu saa kati ya jaribio na jaribio, na seva isikate tamaa mpaka zimepita siku 4 au 5. Exim, programu ya kuendesha seva za barua pepe iliyoanzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo hujaribu kila dakika 15 kwa saa 2 za kwanza, kisha hurefusha vipindi, kisha kila saa 6 mpaka siku ya nne. Kwa hiyo anayekimbilia kutuma tena kwa mkono anajisumbua. Barua yake haijapotea, na akituma mara tano, mpokeaji ataletewa nakala tano foleni itakapofunguka.

Mlinzi wa geti la kampuni anaweza kutusaidia kuona tatizo lilipo. Mgeni amefika, anasema ametumwa na mtu fulani wa ofisi fulani. Mlinzi anapiga simu huko. Akijibiwa "ndiyo, ni mtu wetu", anamruhusu. Akijibiwa "huyo hatumjui", anamrudisha. Lakini simu inaweza pia kujibiwa na ile sauti tuliyoizoea: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mlinzi afanye nini? Akimfukuza mgeni kwa sababu mtandao wa simu ni mbovu, amemwadhibu mtu kwa kosa la mnara. Akimruhusu kila ambaye simu ya kwao haipatikani, matapeli watajifunza kutaja ofisi zisizo na simu. Akimwambia "nenda kanywe chai, rudi baada ya nusu saa nitapiga tena", ametenda haki kwa pande zote. Hiyo chai ndiyo namba 4.

Uhakiki wenyewe una ngazi mbili, na kila ngazi hukwama kwa namna yake.

Ngazi ya kwanza ni kuangalia kikoa tu. Seva inaiuliza DNS: kikoa hiki kipo, na kuna seva ya kupokea barua zake? Mipangilio ya mwanzo ya Exim ina sharti hili, limeandikwa `require verify = sender`. Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotolewa na IBM mwaka 1998, inalo pia kwa jina la `reject_unknown_sender_domain`. DNS inaweza kujibu kwamba kikoa kipo. Inaweza kujibu kwamba hakipo kabisa, jibu linaloitwa NXDOMAIN. Na inaweza kurudisha SERVFAIL, maana yake nimejaribu kutafuta nikashindwa, au ikanyamaza mpaka muda ukaisha.

NXDOMAIN na SERVFAIL ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu huvichanganya kila siku. Tarehe 4 Oktoba 2021, seva za DNS za Facebook zilitoweka kwenye njia za intaneti kwa takriban saa 6. Aliyeuliza habari za facebook.com katika saa hizo alijibiwa SERVFAIL. Kikoa kilikuwepo, kimesajiliwa, kimelipiwa. Aliyepaswa kujibu ndiye hakufikika. Seva ambayo ingetangaza siku hiyo kwamba facebook.com ni kikoa cha uongo ingekuwa imesema jambo isilolijua.

Kwetu Afrika Mashariki hili ni jambo la nyumbani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Chukua kampuni ya Dar es Salaam ambayo seva zake zote za DNS ziko katika jengo moja mjini humo, huku barua zake zikitumwa kupitia mtoa huduma wa Ulaya. Njia ya baharini ikiyumba, mtoa huduma anaendelea kutuma kama kawaida, lakini seva ya mpokeaji wa London inapoulizia kikoa cha kampuni hiyo, swali halifiki. Mtumaji ni halali, barua ni halali, na uhakiki umeshindwa.

Kwenye kumbukumbu za seva ya Postfix iliyoshindwa namna hiyo utakuta mstari wa aina hii:

`450 4.1.8 <hesabu@duka.example>: Sender address rejected: Domain not found`

Usome kwa makini, kwa sababu mstari huu umewapoteza watu wengi. Maneno ya Kiingereza yanasema anwani imekataliwa, kikoa hakikuonekana. Mwenye duka akiyasoma anaamini kikoa chake kimefutwa. Lakini namba ni 450. Inaanza na 4. Seva imesema rudi baadaye, na Postfix hutumia maneno hayo hayo hata pale DNS iliposhindwa kwa muda tu. Maneno yanapogongana na namba, amini namba. Seva iliyotuma haiyajali maneno hayo; yenyewe inaitii tarakimu ya kwanza.

Ngazi ya pili inakwenda mbali zaidi. Seva inayopokea inafungua mawasiliano na seva ya kikoa cha mtumaji na kujifanya kama inataka kumpelekea barua, ili ione kama anwani yake itakubaliwa. Exim huita kitendo hiki `callout`, na Postfix ina sharti la `reject_unverified_sender`. Kwa Exim, baada ya salamu, mazungumzo yenyewe ni mafupi:

`MAIL FROM:<>`
`RCPT TO:<hesabu@duka.example>`
`QUIT`

Hakuna barua inayotumwa. Ikijibiwa 250 baada ya mstari wa pili, anwani ipo. Ikijibiwa 550, haipo. Na ikijibiwa 450, au isijibiwe kabisa ndani ya sekunde 30 ambazo Exim huzivumilia, tumerudi kwenye kutojua.

Yale mabano mawili yasiyo na kitu ndani baada ya `MAIL FROM` yana kazi yake. Ni anwani ya mtumaji isiyo na kitu, na hutumiwa ili seva ya upande wa pili isianze nayo kuulizia mwenye swali. Bila hivyo, seva A ingemuuliza B, B kabla ya kujibu angemuuliza A, na wote wangebaki wakingojeana.

Kukwama katika ngazi hii ni jambo la kawaida mno. Seva ya mtumaji inaweza kuwa imezimwa kwa matengenezo. Inaweza kuwa imeelemewa. Inaweza kuwa inatumia ule utaratibu uliopendekezwa na Evan Harris mwaka 2003, ambapo kila mgeni anayefika mara ya kwanza hujibiwa 4 kwa makusudi ili ionekane kama atarudi, kwa kuwa programu nyingi za barua taka zilikuwa hazirudi. Sasa ona kinachotokea: seva yako inamuulizia mtumaji, seva yake inakujibu njoo baadaye, nawe unamjibu mtumaji njoo baadaye. Kila mmoja yuko sahihi kwake, na barua inasubiri. Kwa kawaida hufunguka baada ya dakika chache, kwani duru ya pili ya maswali haimkuti mgeni tena.

Basi kanuni iagizwe nini pale jibu lisipopatikana? Njia ni tatu: kukataa kwa namba 5, kuahirisha kwa namba 4, au kupokea na kuendelea.

Kukataa nakupinga bila kigugumizi. Namba 5 ni kauli kwamba umejua. Seva iliyotuma itaiamini, itaifuta barua kwenye foleni na kumwarifu mtumaji kwamba imeshindikana. Makosa haya yana madhara marefu, na mfano mzuri ni wa Desemba 2020. Katikati ya mwezi huo, mabadiliko ya mipangilio ndani ya Google yaliifanya Gmail ijibu 550, yaani mtu huyu hayupo, kwa barua zilizokuwa zikienda kwa watu ambao akaunti zao zilikuwa hai na nzima. Huo haukuwa uhakiki wa mtumaji, ulikuwa upande wa wapokeaji, lakini kosa ni la aina ile ile: hitilafu ya saa chache ilitangazwa kama ukweli wa kudumu. Mifumo ya kutuma barua kwa wengi, ambayo imejengwa iondoe anwani zilizokufa, iliwaondoa watu wenye anwani hai kwenye orodha zake. Gmail iliporudi sawa, watu hao hawakurudi kwenye orodha wenyewe. Kama jibu lingekuwa 450, barua zile zingekaa foleni na kufika baadaye, na hakuna ambaye angeondolewa.

Kuahirisha ndiko chaguo la mwanzo la Exim na la Postfix, na nadhani waandishi wa programu hizo walichagua vizuri. Tofauti iko kwenye namna ya kuahirisha. Postfix hutumia kitu kinachoitwa `defer_if_permit`. Maana yake, uhakiki ukikwama, seva haisimami hapo. Inaendelea kuyapitia masharti yaliyobaki. Kama kuna sharti jingine linalosema hapana ya uhakika, barua inakataliwa moja kwa moja. Kama mengine yote yangeiruhusu, ndipo inaahirishwa. Napenda mpango huu kwa sababu haumwambii mtu arudi kesho ilhali kesho atakataliwa kwa sababu nyingine ambayo leo tayari inajulikana.

Exim hufanya vingine. Sharti likikwama ndani ya kanuni ya kukubali au kukataa, jibu la 4 linatolewa pale pale na masharti ya chini yake hayasomwi. Isipokuwa sharti hilo liwe chini ya `warn`, kanuni ya kuonya tu, ambapo seva huandika tukio kwenye kumbukumbu na kusonga mbele. Kwa hiyo msimamizi wa Exim ana wajibu wa kupanga mstari: masharti mepesi na yenye jibu la uhakika yatangulie, uhakiki wa mtumaji uje mwishoni. Nimeona mipangilio iliyoweka `callout` mstari wa juu kabisa, kisha mwenyewe analalamika seva ni nzito na wateja wanachelewa.

Njia ya tatu, kupokea, huandikwa kwa neno `defer_ok` katika Exim, na hapa pana mtego. Neno hilo linaweza kukaa sehemu mbili. Ukiandika

`require verify = sender/callout=30s,defer_ok`

umesema kwamba seva ya mtumaji isipojibu, tuendelee, lakini DNS ikishindwa bado tuahirishe. Ukiandika

`require verify = sender/defer_ok/callout=30s`

umesema kinyume chake: DNS ikikwama tuendelee, seva ya mtumaji ikikwama tuahirishe. Mkwaju mmoja na mkato mmoja, maana mbili. Mimi nachagua wa kwanza. DNS isiyojibu ni jambo linalorekebishika kwa saa chache na kungoja hakuna gharama kubwa. Seva isiyojibu maswali ya namna hii inaweza kuwa imewekwa makusudi isijibu kamwe, na hapo kuahirisha ni kumfungia mtu halali kwa siku nne kisha kumkataa kwa njia ndefu. Pamoja na hayo, Exim haihifadhi kitu kwenye akiba yake ya majibu pale uhakiki ulipokwama, kwa hiyo "sijui" ya leo haigeuki kuwa "hapana" ya kesho. Postfix huweza kukumbuka hapana kwa siku 3 na ndiyo kwa siku 31, na kwa chaguo la mwanzo hujibu 450 hata pale anwani imeshakataliwa kwa uhakika, mpaka msimamizi aridhike na kubadilisha iwe 550. Huo ni uangalifu wa kuigwa.

Kuna gharama ya kuahirisha ambayo sitaki kuificha. Namba za siri za kuingia benki huisha muda ndani ya dakika chache. Tiketi ya basi la saa 11 alfajiri haina maana saa 3. Ndiyo maana msimamizi wa seva ya shirika lenye barua za namna hiyo hufanya vyema kuwaandikia watumaji anaowajua kanuni yao peke yao, juu ya sharti la uhakiki.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba uhakiki ukifaulu, basi mtumaji ni yule anayedai kuwa. Hapana. Umeonyesha tu kwamba anwani hiyo ipo mahali fulani duniani. Tapeli anayeiba anwani halisi ya mtu anafaulu mtihani huu bila jasho, na seva zote zinazopokea barua zake za uongo zinakwenda kumgongea yule aliyeibiwa, maelfu kwa maelfu, kuuliza kama yupo. Seva ndogo inaweza kuelemewa na maswali hayo. Nyaraka za Postfix zenyewe zinaonya kwamba anayeulizia kwa wingi anaweza kuingizwa kwenye orodha za kuzuiwa. Kwa hiyo ngazi ya kwanza ya uhakiki naipendekeza kwa kila seva. Ngazi ya pili naipendekeza kwa vikoa vichache tu ambavyo msimamizi ana sababu ya kuvitilia shaka.

Swali la "je, kweli ametuma yeye" linajibiwa na mifumo mingine, SPF, DKIM na DMARC, ambayo tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanaidai kwa wanaotuma barua nyingi. Tatizo letu halikuishia hapo. SPF nayo husomwa kupitia DNS, nayo hukwama, na RFC 7208 ya mwaka 2014 imeliwekea kukwama huko jina lake, temperror, tofauti na permerror ambayo ni kosa la kudumu katika maandishi ya kikoa. Kwa temperror waraka huo unampa mpokeaji ruhusa ya kuahirisha kwa 451 4.4.3. Msimamizi anayegeuza temperror kuwa 550 amerudia kosa lile lile chini ya jina jipya.

Upande wa mtumaji, ukipokea taarifa ya kucheleweshwa, tafuta ile namba ndani yake. Ikianza na 4, subiri. Kama jambo ni la haraka mpigie simu mpokeaji, usitume tena. Ikianza na 5, kusubiri hakutasaidia, soma sababu na urekebishe. Na kama taarifa za 4 zinakujia kutoka kwa wapokeaji wengi kwa siku moja, uwezekano mkubwa tatizo liko kwenye kikoa chako. Muulize anayekuhudumia seva zako za DNS ziko wapi. Tangu Julai 1997, RFC 2182 inataka ziwekwe mbali mbali, katika mitandao tofauti na maeneo tofauti ya dunia. Kikoa chenye seva moja Dar es Salaam, nyingine Nairobi na nyingine nje ya Afrika kitaendelea kujibu hata waya wa baharini ukikatika, na huenda huduma ya seva ya pili nje ya nchi imo kwenye ada ambayo tayari unailipa. Muulize.